Bibi Aliyeoa Mashine ya Kusaga

Juzi hapa Issenye akina mama wa kanisa walifika mlangoni wakakuta kufuli. Tangazo lilipitia kwenye simu, na siku iliyoandikwa haikuwa siku ya mkutano. Aliyelituma ni mjukuu wangu, binti mkubwa, amesoma kunishinda mara nyingi. Nilipomuuliza akasema, "Si mimi, bibi. Simu imejiandikia yenyewe." Nikacheka mpaka akanuna. Maneno hayo niliwahi kuyasikia nikiwa mtoto kule Nyakunguru, yakisemwa na mwanamume mzima aliyesimama mbele ya bibi yangu mikono imejaa grisi.

Kama hukuiona Nyakunguru ya mashimo ya dhahabu, kabla ya mitambo mikubwa, ngoja nikuambie. Kila upande ilikuwa nyundo. Wanaume wanashuka chini kwa kamba, wanawake wanaponda mawe juani, sisi watoto tunachota maji na kuchekecha. Chai ilichemshwa kwenye debe, mandazi yalikuwa na vumbi, redio zililia muziki wa Kenya tangu asubuhi. Watu walikuja kutoka kila mahali, na wote walikuwa na njaa. Wengine walitazama mawe. Bibi alitazama midomo.

Bibi alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mama yangu tu. Hakupata wa kiume. Kwetu Wakurya mama wa namna hiyo ana njia yake: anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto wa huyo msichana wanakuwa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Ng'ombe bibi alikuwa nao, na ukoo ulishaanza kubashiri atamtoa msichana wapi. Basi siku ya mnada akawaswaga wote, hakubakiza hata ndama. Akarudi amepanda lori, na ndani ya lori kuna mashine ya kusaga nafaka, ya dizeli, pamoja na fundi wa kuiendesha kutoka ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya.

Shemeji yake, mdogo wa babu, alisimama uani mikono kiunoni. "Mke wa kaka, umeoa chuma! Kitakuzalia nini?"

"Kitazaa unga," bibi akasema. "Wewe una wake nyumba nzima, na juzi ulikuja kwangu kuomba wa kupikia."

Watu wakacheka, lakini kila mmoja alijua. Ng'ombe wameisha. Mashine ikishindwa, bibi atakula kwa mkono wa huyo huyo shemeji mpaka kufa kwake.

Haikushindwa. Asubuhi ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikashika mwendo, na wanawake wakateremka na mtama, muhogo mkavu, mahindi. Tangu tuzaliwe tulikuwa tunasaga tumepiga magoti mbele ya jiwe. Magoti yakapona. Harufu ya dizeli na unga wa moto hadi leo naisikia puani nikifumba macho.

Sasa, Jumapili moja bibi akiwa kanisani, wachimbaji walimwendea fundi na mawe yao. Kuponda kwa mkono kunachosha, na pale pana chuma kinachosaga kila kitu. Wakaona wamechelewa hata kulifikiria. Fundi akawasha, akamimina kokoto za dhahabu mahali pa kumimina mahindi. Walipoondoka akafagia, akanyamaza. Kesho yake kijiji kikaja kusaga kama kawaida.

Jioni ile ugali ulilia. Ukitafuna, unasikia ndani ya kichwa kama ng'ombe wanapita kwenye changarawe. Watoto walitema, mbwa walikataa. Asubuhi jirani yetu mzee alifika na jino lake kwenye kiganja.

"Mama, unga wako umeuchimba kilima gani?" akauliza. "Nilikuwa nimebakiwa na haya machache ya kulia nyama. Unataka ninywe uji mpaka kaburini?"

Bibi akaifungua mashine. Chekeche limetoboka, na ndani vumbi la mawe linameta. Akamwita fundi.

"Si mimi, mama," fundi akasema. "Hii mashine imeharibika yenyewe."

"Ina miguu? Ilishuka shimoni ikajichukulia mawe?"

Shemeji, ambaye alishafika maana harufu ya msiba wa bibi aliipata upesi, akatoa ushauri. "Mfukuze. Tangaza ni huyu mtu wa Kenya, yaishe. Nani atakulaumu?"

Nakumbuka bibi alijifuta mikono kwenye kanga taratibu sana. "Fundi nimemleta mimi. Ufunguo nimempa mimi. Unga ni wangu."

Akafungua ghala lake. Tukarudi kwenye jiwe, yeye na mama na mimi, tukasaga mtama wake kwa magoti mpaka ngozi ikachubuka. Halafu akanitwisha debe, tukapita nyumba kwa nyumba. Hakubembeleza. Anasimama mlangoni, anasema, "Mashine yangu iliwalisha mawe. Mwageni ule, chukueni huu." Wengine walipokea bila kutuangalia. Mmoja alisema huko ndiko kuringa na vyuma. Bibi akamjibu, "Chombo kiko wapi nimimine?"

Ghala likabaki na panya tu, nasi tukala mboga za porini na muhogo wa kuomba. Chekeche jipya lilipatikana, lakini hakuna aliyekuja kusaga. Shemeji akipita njiani anapaza sauti, "Vipi, mke wako bado amenuna?"

Fundi alitaka kuondoka. Bibi akamwambia hatoki mpaka amfundishe kuiwasha. Watu wakashtuka: mwanamke akizungusha hendeli ya kuwashia kizazi kitashuka. Bibi akasema chake kilishastaafu. Alipoizoea akanishika mkono akanisogeza na mimi, mama akapiga kelele. "Huyu hatakuwa na wa kumsingizia," bibi akamjibu, basi.

Wa kwanza kurudi alikuwa yule mzee wa jino. Alileta mahindi kidogo, ya kutosha bakuli. Bibi akasaga, mzee akachota unga, akaweka ulimini, akautafuna huku ameinamisha kichwa anasikiliza.

"Mwambie mke wangu alete gunia," akaniambia.

Miaka ikapita, bibi akafa, wazee wa ukoo wakakaa. Mji ulikwenda kwa shemeji, sawa na mila. Lakini ilipofika zamu ya mashine wakakwama. Ng'ombe wana njia yao inayojulikana. Mashine haijawahi kurithiwa na mtu. Shemeji akavua koti kuonyesha kuwa ni yake, akazungusha hendeli, ikamrudishia kipigo cha mkono akakaa chini. Nikasogea. Nilikuwa msichana bado. Nikainua kile kipini cha juu alichonionyesha bibi, cha kuitoa injini pumzi, nikazungusha, nikakiachia, ikashika. Mzee mkubwa alilazimika kupaza sauti ili asikike: "Mwacheni nayo."

Nimeolewa nikaja nayo huku, imewalisha wanangu wote. Umeme ulipoingia wateja wakahama kidogo kidogo, na mwisho wake iliondoka juu ya mkokoteni wa wanunua vyuma chakavu. Sikulia. Na pale Nyakunguru palipokuwa na banda siku hizi ni ndani ya uzio wa mgodi, hata ningetaka kupaonyesha nisingeweza. Kinachonijia mara nyingine ni wale wanawake waliokaa kwenye ndoo wakisubiri zamu, wanasutana, kope nyeupe kwa unga, kila mmoja akijua mlango wa kwenda kugonga jambo likiharibika. Sasa tunakula unga wa pakiti, umesagwa na mtu tusiyemjua. Ukitafuna kijiwe unakitema, unaendelea kula.