Gazeti Lilisomwa Lote

Pale Kikula tulikuwa na gazeti moja kwa mtaa mzima, na msomaji wake alikuwa baba yangu. Liliandikwa kwa Kifaransa, likatufikia mikononi mwa wachuuzi wa Lubumbashi, limeshachakaa. Baba, fundi aliyeachishwa kazi kwenye kiwanda cha madini cha Panda, alisimama mbele ya soko akiligeuza Kiswahili mstari kwa mstari, hadi matangazo ya vifo. Hakuruka kitu. Akina mama wa soko walimwamini kuliko redio, na mimi nilijivuna bila haya.

Siku moja gazeti liliandika kwamba askari wa kambi ya jirani hawajalipwa, na wanapanga kupora masoko. Asubuhi hiyohiyo alikuja mtu wa usalama, akanywa chai yetu kwa adabu, akamwomba baba auruke ukurasa huo. Habari za jeshi ni siri ya taifa, alisema. Ukiwatia watu hofu, damu itakuwa juu yako. Baba akamjibu kwamba hata mstari mmoja hauruki: "Minye nikiruka mulongo moya, batajua."

Akasoma. Jua halijawa kali, soko likawa tupu; kila mama alibeba unga na vitenge vyake nyumbani. Tulimsifu baba. Askari wakaja kweli, wakakuta meza tupu, na wajinga hawakuwa. Wakaingia majumbani. Jirani yetu, muuza vitenge, alikuwa ameficha mzigo chini ya kitanda. Mwanawe alisimama mlangoni kuwazuia, wakampiga risasi, akafa.

Baba, watu wa usalama walimpeleka gereza la Buluo, eti amehatarisha usalama. Wakubwa walioshindwa kuwalipa askari hakuna aliyewagusa. Mwenye nguvu mpishe. Hilo liliniudhi, lakini hasira ningeweza kuibeba. Kilichonivunja ni maneno ya yule jirani nilipokwenda matangani. Hakunifokea. "Ile kweli ya baba yako njo ilileta basoda mu nyumba yangu," alisema, akimaanisha wale askari. "Mu soko bangekamata tu bintu, bangeenda."

Nilimfikishia baba maneno hayo Buluo, kwa kuwa aliniuliza mtaa unasemaje. Nilikuwa bado nimekaa na baba, yule mtu wa usalama alipoleta karatasi: atie sahihi kwamba gazeti lilidanganya, arudi nyumbani. Nilitaka akatae, niliomba moyoni akatae. Baba akaomba kalamu.

"Ile habari ingekuwa ya uongo," akaniambia, "ule mutoto angekuwa muzima."