Pasi Yangu Katikati ya Ukumbi

Mucheke, lakini munisikilize mpaka mwisho. Mimi ni fundi cherehani hapa Nengo. Rafiki yangu Safari, dereva wa pikipiki, aliona kwenye simu mchezo wa nchi za baridi: mmoja anasukuma jiwe juu ya barafu, mwenzake anafagia mbele yake ili liteleze hadi kwenye alama, wapate pointi. Barafu sisi hatuna. Basi Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, majirani wakichimba mtaro barabarani, tulijipenyeza kwenye ukumbi wa mtaa, tukamwaga maji ya sabuni sakafuni. Jiwe letu likawa pasi yangu ya makaa.

Tukasukuma kwa zamu, tukahesabu pointi, tukafagia kama vichaa. Mara jirani yangu Mama Zawadi akaingia na ufagio wake, na wengine nyuma yake. Nikafikiri wameupenda mchezo.

"Fagieni mbele ya pasi!" nikawaamuru.

Wakafagia. Lakini mbona hakuna aliyeuliza nani anaongoza? Na mbona wanafagia hadi chini ya viti?

Baada ya kazi, mkutano ukafanyika humo humo. Chef wa umudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, akaninyooshea kidole.

"Huyu fundi kila mwezi anatukimbiaka. Leo, bon, ameosha salle yote, hakuna mutu alimutuma! Mumupigie makofi."

Nikapigiwa. Nikainamisha kichwa kama mtakatifu.

"Donc, fundi, ile pasi iko pale katikati, ni ya kazi gani?"

Safari akasimama upesi.

"Chef, iko mbili kwa moja. Mi ndiye niko mbele."