Mchwa Hawajabatizwa

Mama alivunjika nyonga mlangoni mwa kanisa. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika kijiji chetu cha milimani juu ya mji wa Iringa, ambako masika hugeuza kila uwanja kuwa tope. Kwa sababu hiyo mbele ya kanisa palikuwa na baraza la mbao lililoinuliwa, watu wafute miguu kabla ya kuingia. Ubao mmoja ulikatika chini yake, akazama hadi pajani. Kwa juu ubao ule ulionekana mzima kabisa. Ndani mchwa walikuwa wameshamaliza kazi, wakabakiza ganda.

Tangu siku ile akawa mtu wa fimbo, na mimi nikawa na hasira ambayo sikujisumbua kuificha.

Wazee wa kanisa walipoitisha kikao cha kujenga upya, mbao walikuwa wameshazichagua: mkaratusi tena. Mmisionari wa kwanza alipanda mikaratusi mstari mzima kando ya kanisa. Mmoja ndio uliotoa baraza lile lililooza, sasa wangeangusha wa pili. Ni mti wenye baraka, walisema. Hakuna aliyeuliza baraka za ule wa kwanza zilikwenda wapi.

Mimi nilikulia kando ya shimo la kupasulia mbao. Baba alikuwa mpasuaji kwenye misitu ya miombo kule Usangu, upande wa kwenda Mbeya, na alinifundisha mbao kabla sijajua kusoma. Mbao ya kulala nje kwenye mvua na jua, alisema, usiichague kwa macho. Inyanyue, uone uzito wake. Ikwaruze kwa ukucha; kiini cha mninga mkavu hakikubali ukucha. Ile sehemu nyeupe ya pembeni itupe, hata kama ni ya mninga, maana mchwa wanaipenda. Mkaratusi uliokatwa jana na kupigiliwa leo hujikunja, ukang'oa misumari yake wenyewe.

Basi nikasimama, upande wa wanawake.

"Wazee wangu, mkaratusi huu utatuangusha tena. Tutafute mninga."

Mzee mkuu alinijibu kwa upole, upole ule wa kumnyamazisha mtoto. "Mwanangu, mti huu ulipandwa kwa maombi."

"Maombi nayaheshimu, baba. Lakini mchwa hawajabatizwa."

Wanawake wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoniponza. Nilitengwa na Meza ya Bwana mpaka nikae benchi la mbele na kutubu mbele ya usharika wote kwa kumdharau mmisionari aliyetuletea Neno. Sikukaa. Badala yake nilichukua kipande cha mkaratusi kutoka baraza la zamani, sehemu iliyobaki nzima, na kipande cha mninga alichoniachia baba, nikavifukia vyote viwili kwenye kichuguu nyuma ya kanisa. Hivyo ndivyo wapasuaji walivyomaliza ubishi kambini. Kiangazi chote watu walinipita wakitikisa vichwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, nilichimbua mbele ya wote, Jumapili baada ya ibada. Mkaratusi ulivunjika mikononi mwangu kama kiporo cha ugali. Mninga niliufuta udongo nikamkabidhi mzee mkuu. Aliupima kwa mikono yote miwili, kisha akaukwaruza kwa ukucha, mara mbili.

Wakaagiza mninga. Kila ubao niliuchagua mimi, na fundi niliyemkuta anabananisha mbao nilimfanya azitoe aache nafasi za maji kupita. Baraza likakamilika, pana na zito. Nikadhani yamekwisha.

"Kwenye mbao ulikuwa na haki," mzee mkuu akaniambia. "Toba bado."

Iliniuma kuliko nilivyotaka waone. Mama ndiye aliyenibembeleza zaidi: mwanangu, kaa tu kwenye hilo benchi, maneno mawili yana nini? Nilimwambia siwezi kutubia kweli ambayo yeye aliilipia kwa mfupa wake.

Jumapili ya Meza ya Bwana nilimsindikiza hadi barazani, nikaketi juu ya mbao zangu. Watu wote walipita mbele yangu wakikanyaga mninga, wakaingia. Mama alifika kizingitini. Akageuka, akarudi polepole, akajishusha kando yangu.

Mzee mkuu alitoka kumwita. "Mama, Meza iko tayari."

"Mimi nimekaa mahali nisipoanguka," mama akasema. "Mkinitaka, tuleteeni Meza hapa, mimi na mwanangu."

Mzee akarudi ndani, na hakuna aliyetoka tena. Wimbo ulipoanza, mama aliupokea pale nje, nami nikamfuata, na tukaimba kwa sauti kubwa kuliko wao.