Mikao Mitatu ya Vidole

Baba yangu alikuwa katekista, na hakulipenda gitaa. Kwake kilikuwa chombo cha kilabu cha pombe, na binti kulipakata ni kujitafutia jina baya. La kwetu lilikuja kijijini kwetu Kidete na kaka yangu, aliyekuwa akikata miwa kule Ruaha. Uzi mmoja ulikuwa umekatika, akaufidia kwa waya aliouchomoa kwenye breki ya baiskeli. Kabla hajarudi kazini alinifundisha mikao mitatu ya vidole, akaniachia na gitaa lenyewe.

Nami nikajiona mwanamuziki. Miaka ile ya Ujamaa nyimbo zilikuwa nyingi kuliko sukari, na karibu zote zilienea kwenye mikao yangu mitatu: za kupokea wageni wa chama, za dansi tulizozidaka redioni, na hasa za shamba la kijiji. Kule shambani nilikaa kwenye tuta nikipiga, wenzangu wakalima kwa kuimba. Gitaa likinyamaza, majembe chini, watu wanapumzika. Ndiyo ilikuwa desturi yetu. Vidole viliota sugu, mama akanitania kwamba jembe halijawahi kunipa sugu kama zile. Nilikuwa na furaha ambayo hadi leo naitamani.

Baba alivumilia, kisha siku moja akasema, "Jumapili utalipiga kanisani, wimbo nitakaouchagua mimi. Likifaa ibadani, litakaa. Lisipofaa, linarudi Ruaha kwa mwenyewe."

Akachagua wimbo mmoja wa enzi za wamisionari. Nilipoujaribu nikakuta katikati ya kila ubeti pana mahali ambapo mikao yangu yote mitatu inagombana na sauti. Wa kumwuliza sikuwa naye. Nililia jikoni, mama akaniacha nilie, halafu nikakata shauri: pale pabaya nitanyamaza, watu waendelee wenyewe, nami nitawadaka mbele.

Jumapili kanisa lilijaa, wengine wamekuja kutazama kituko cha binti wa katekista. Tulianza vizuri. Tulipofika pale pabaya nikaondoa mkono, na kanisa zima likanyamaza nami. Nilikuwa nimesahau shamba. Bibi mmoja wa benchi la mbele aliketi kabisa, akajifuta jasho.

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo baba, peke yake kule mbele, akaishika ile sehemu kwa sauti yake nzito, akaivusha taratibu mpaka nilipoweza kuingia tena. Ubeti wa pili watu walinyamaza vilevile, naye akaivusha tena. Kufikia ubeti wa mwisho kila mtu alimwachia pale mahali kwa heshima, kama jambo tulilolifanyia mazoezi nyumbani.

Baada ya ibada alitangulia kando ya reli. Nilimfuata nimelifunga gitaa kwenye kanga, nikiliaga kimoyomoyo, maana nilijua baba hakupenda kuaibishwa mbele ya watu. Karibu na daraja akasimama kunisubiri. Sikuthubutu kumtazama usoni.

"Ile sehemu yangu, mwanangu," akasema, "Jumapili ijayo usinifikishe kwa kasi vile. Nilikosa pumzi."