Kaburi la bibi si la jitu

Leo asubuhi nimemkuta binamu yangu akibomoa kaburi la bibi yetu huku simu ikirekodi.

Niko Bodo, kijijini kwetu.

Omari anaziamini zile video zinazosema zamani duniani waliishi majitu, na kwamba makumbusho huficha mifupa yao ili tusijue. Sisi tulikuwa tukicheka tu. Leo amekuja na wenzake kutoka Ukunda, na majembe.

Kaburi ni refu, kweli. Bibi na dadake walikufa kwa kipindupindu wiki moja, wakazikwa kwa kufuatana, miguu ya mmoja kwenye kichwa cha mwenzake, ukajengwa ukuta mmoja wa mawe. Omari anajua.

Nikamwambia, "Omari, huyu ni bibi yako. Wewe mwenyewe huja hapa kumwombea dua."

Akanijibu kwa upole, kama mtu amhurumiaye mgonjwa, "Dada, hivyo ndivyo walivyotaka tuamini."

Kina nani? Aliyenihadithia mimi habari za kaburi hili ni mama mzazi wa Omari.

Wazee wa kijiji walipofika, Omari na wenzake wakaondoka. Upande mmoja wa ukuta umelala chini. Video imeshasambaa, na watu wanaandika eti mimi natumiwa na makumbusho. Baadhi yenu mmo humo. Majina nimeyaona.

Shangazi, mamake Omari, anaokota mawe na kuyapanga upya. Nilimsihi apumzike. Akaniuliza, "Kwani alikuwa akitafuta nini?"

"Watu wa kale, shangazi."

Akaweka jiwe jingine. "Basi alikuwa amewafikia. Na hata salamu hakuwatolea."