Jiko la Mawe ya Bondeni

Bi Kokoto hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Alipewa na wifi zake mwaka alioolewa, baada ya baba mkwe kugawa ardhi na kumwachia mumewe kile kipande cha mwisho kule chini, pale mto unapokata kona, ambako jembe hulia kabla halijazama. Kaka wawili wakubwa walichukua udongo mweusi wa juu kidogo, ule laini unaoganda kwenye kiatu. Mawe akaachiwa mdogo wao, ambaye hata hivyo alikuwa fundi wa kujenga na hakuwa na mpango wa kulima. Mawifi wakacheka kwamba bibi harusi amepewa kokoto, na jina likamganda. Yeye hakucheka nao. Alishuka bondeni na hasira yake, akalima kwa sababu hakutaka kabisa wamwone anarudi mikono mitupu.

Na mahali pale palihitaji mtu mwenye hasira. Udongo ule haukai na maji. Unaumwagilia asubuhi, jua likipanda umeshasahau kwamba ulipewa kitu. Ukiutilia samadi yote kwa mkupuo, mvua moja tu inaishusha kusikofika mzizi, wewe unabaki na harufu. Mwaka wa kwanza alifanya kile ambacho kila mtu angefanya: aliokota mawe. Aliokota mpaka kucha zikamvunjika, akayarundika pembeni, akapata kipande kisafi cha kujivunia, na miche yake ya matikiti ikafa kwa kiu mbele ya macho yake. Iliyopona ilikuwa ile michache iliyosimama karibu na lile rundo. Akafukua chini ya jiwe moja, akakuta ubaridi na unyevu. Siku hiyo aliyatukana mawe yale matusi yote aliyoyajua, kisha akaanza kuyarudisha.

Tangu hapo akajua. Jiwe lililolala juu ya udongo ni kifuniko; jua halifikii kilicho chini yake. Jiwe kubwa likikaa upande unakotoka mto, mche uliopandwa nyuma yake hauchukuliwi maji yakipanda, na lile tope zuri linaloletwa na mafuriko hukwama hapo badala ya kwenda zake. Tikiti likilalia jiwe haliozi tumbo. Na mafuriko yenyewe, hata yakifunika shamba lote, hupenya kwenye changarawe na kuondoka upesi, wakati kule kwenye udongo mweusi wa mashemeji maji hukaa na kukaa mpaka mizizi inanuka. Kila jiwe alilitafutia mahali pake. Samadi aliitia kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Waliopita njiani walimwona ameinama kati ya mawe wakasema maskini, hata nafasi ya kuyaondoa hapati. Kwa matikiti hayo alilea watoto na kuwasomesha.

Mume wake, huyo Fundi, alikuwa mtu mwema, na hilo lazima lisemwe kwa sababu ndilo linaloudhi zaidi. Alijenga nyumba za watu mbali na kwao, akarudi kazi zikifungwa, zawadi mkononi, akakaa siku zake akaondoka. Shamba aliliulizia kama mtu anavyoulizia hali ya wakwe. Bondeni wazima? Wazima. Yakaisha. Hakuwahi kuinama pale hata kung'oa jani. Na kila alipokuja mkewe alimwomba jambo moja tu, ajengewe jiko lenye kuta, maana alipikia kwenye banda la mabati linalovuja, na moshi wake ulikuwa umemharibu macho. Kila mara Fundi aliahidi. Wake za watu wengine walipikia kwenye majiko aliyoyajenga yeye, na mke wake akavumilia banda. Mwishowe Bi Kokoto aliacha kukumbusha.

Kisha kazi zikakauka na Fundi akarudi nyumbani moja kwa moja. Hazikupita siku nyingi binti yao mkubwa akajifungua mapacha, naye anaishi mbali, ikabidi mama aende kumsaidia. Miche ya matikiti ilikuwa imeshatoa majani. Bi Kokoto akamwambia mumewe amwagilie asubuhi na jioni, basi. Hakumwambia asiguse mawe. Nani anayeondoka nyumbani akaacha maagizo kwamba paa lisiezuliwe?

Fundi akabaki na mikono isiyo na kazi na aibu ya mwanamume anayelishwa. Kaka yake mkubwa akawa anakuja kukaa naye jioni na kumvika kilemba cha ukoka: fundi hodari kama wewe hakuna, ila mkeo amepinda mgongo kwenye mawe ujana wake wote na hujamsaidia hata siku moja. Ondoa ule uchafu, shamba lionekane shamba. Kwa watu wa udongo mweusi shamba zuri ni lile lililofagiliwa. Kaka hakuwa na nia mbaya, alisema alichokijua, na hicho ndicho kilichowaponza. Fundi akashuka bondeni, akatazama yale mawe magumu ya mviringo yaliyooshwa na mto, akaona kuta. Akaazima toroli. Saruji hakuwa nayo, akachota udongo mweusi kwa kaka yake, akaukanda, ukashika vizuri sana.

Bi Kokoto aliporudi alikuta watu wamekusanyika uani wakimsubiri, mpaka wifi zake. Jiko limesimama: kuta zimepangwa jiwe kwa jiwe, dirisha lipo, bomba la moshi lipo, kizingiti kimenyooka kama uzi. Fundi yuko mlangoni, vidole vimechubuka, uso unang'aa kama wa mtoto aliyefaulu mtihani. Watu wakapiga makofi. Bi Kokoto akautazama ukuta. Karibu na dirisha aliliona jiwe lenye mstari mweupe ambalo alikuwa akilikalia anaponoa kisu. Akashuka bondeni mzigo ungali begani, bila kusalimia mtu.

Shamba lilikuwa laini kama sakafu, na miche imelala. Akapiga magoti akafukua kwa vidole, akafukua mpaka kiganja chote kikazama, kukavu. Fundi alikuwa amemfuata. Akaanza kujieleza kwamba anamwagilia, tena zaidi ya alivyoambiwa, ndoo kwa ndoo, wala haelewi maji yanakwenda wapi.

"Nani alikwambia uyatoe?"

"Nilitaka kukufurahisha, mke wangu. Jiko umeliomba miaka yote."

"Nimekuuliza nani alikwambia."

Fundi akasema hakuna aliyemwambia, labda kaka kidogo, lakini hata kipofu angeona kwamba mawe ni taabu, naye alitaka kumpunguzia taabu. Alisema kwa upole, na upole huo ulimpandisha mkewe damu mpaka masikioni.

"Miaka yote umekula matikiti ya hapa," Bi Kokoto akasema. "Hata siku moja hukuniuliza yanaota vipi."

Mtu aliyeibiwa akikasirika, majirani humletea kiti. Mtu aliyetendewa wema akikasirika hakuna anayetaka hata kumsikiliza. Wifi zake walisema ana roho ya kutu, angepewa jumba angelalamikia ngazi. Kaka mtu akasema mwanamke akizoea taabu, raha humwasha. Binti akapiga simu, watoto wanalia nyuma yake, akasihi: mama, mwambie tu asante, baba anaumia. Yaani aliyeharibiwa ndiye abembeleze! Kuna wakati Bi Kokoto alitamani Fundi awe mlevi, au awe ameyatoa mawe amjengee hawara, ili apate mahali pa kushika. Lakini alikuwa na mtu aliyejichubua vidole kwa ajili yake, na kila akifungua mdomo alionekana yeye ndiye mbaya.

Alikataa kulitumia lile jiko. Aliendelea kupikia bandani, moshi ukimtoa machozi ambayo wifi zake waliyasoma kama majuto. Kila siku alimwambia Fundi ayarudishe mawe kabla mto haujapanda, na kila siku Fundi alijibu sawa, sawa, ngoja kwanza. Hakuwa anakataa. Alikuwa anangoja mkewe apoe, kama mtu anavyoingoja chai. Bi Kokoto alijua kwamba anangojwa apoe, na hilo lilimchemsha upya. Akaanza kuyabeba mwenyewe yale machache yaliyobaki nyuma ya jiko, mawili matatu kwa safari, lakini mgongo haukuwa tena ule wa bibi harusi.

Mto ulipanda mchana kweupe. Watu walisimama ukingoni kutazama, naye akiwa miongoni mwao, na mumewe kando yake. Hayakuwa mafuriko ya kutisha. Yalikuwa yaleyale ya kila mwaka, ambayo zamani karibu aliyangojea kwa sababu ya tope lake. Safari hii maji hayakukuta cha kuyapunguza kasi. Yalipita juu ya lile shamba laini na kuuchuna udongo kama mtu anavyovuta shuka kitandani, na miche ikaenda nao. Bi Kokoto hakulia wala hakushika kichwa. Alisimama ameuma meno, na jirani aliyetaka kumshika bega akaona bora auache mkono wake mahali ulipo.

Kesho yake maji yalikuwa yameshapenya na kuondoka, kama ilivyo tabia ya mahali pale. Palibaki changarawe tupu, nyeupe, imeoshwa. Fundi akashuka na mkewe. Akachota konzi moja, akaiacha ipite vidoleni, akachota nyingine sehemu nyingine, nayo ikapita. Halafu, kwa kuwa ni mtu mwema na hakuwa na kingine cha kutoa, akasema walau jiko lipo.

"Lipo," Bi Kokoto akasema. "Umenijengea jiko. Sasa niambie nitapika nini."

Akapanda juu, akachukua mtaimbo, akautia kwenye ukuta. Watu wakaja mbio. Shemeji mkubwa, ambaye shamba lake lilikuwa bado linaelea, alimsihi asiitie familia aibu, akajibiwa aende kwanza akachote maji yake. Jiwe la kwanza likaanguka, la pili likagoma. Ndipo Fundi alipopenya katikati ya watu na kuunyakua ule mtaimbo mikononi mwa mkewe. Shemeji akashusha pumzi, akasema heri, angalau mmoja ana akili.

Fundi akaitia ncha ya mtaimbo juu ya mlango, kwenye kizingiti alichokinyoosha kwa uzi, akaulalia kwa uzito wake wote. Alikuwa amejenga vizuri, na kazi nzuri haibomoki kwa heshima. Alihema, alitokwa jasho, wakati mwingine alisimama akauegemea ule ukuta kwa paji la uso. Hakuna aliyemsaidia. Bi Kokoto hakumhurumia, na sioni kwa nini angemhurumia. Toroli lilipojaa, Fundi akalishusha bondeni peke yake, mkewe nyuma yake. Akainua jiwe moja, akalibandua udongo mweusi wa kaka yake kwa kucha, akapiga magoti kwenye changarawe.

"Hili lilikuwa wapi?" akauliza.

Bi Kokoto akalitazama lile jiwe. Alijua kwamba udongo uliokwenda haurudi kwa mwaka mmoja. Mto utauleta tope kwa tope, mafuriko kwa mafuriko, iwapo utakuta mawe ya kulishika, na yeye si msichana tena. Huenda tikiti zuri la kwanza likaliwa na wale mapacha wakiwa na ndevu. Hasira mpaka leo haijamtoka yote. Ukimtajia jiko utaiona. Lakini mwanamume huyu alikuwa amepiga magoti bondeni kwa mara ya kwanza tangu amwoe, amekumbatia jiwe, anasubiri kuambiwa.

Akanyoosha kidole upande unakotoka mto. Fundi akalibeba mpaka pale, akalilaza taratibu, akamtazama.

"Ligeuze," Bi Kokoto akasema. "Umelilaza kifudifudi."