Neno Alilolichagua Binti wa Ziwani

Juzi mwanangu aliniletea kazi yake ya Kiingereza jikoni, mikono yangu imejaa unga. "Mama, hapa ni join, connect au attach? Zote si kuunganisha?" Nikamwelekeza, akarudi mezani ameridhika. Mimi sikurudi kwenye unga. Nilikaa kwenye kigoda, wivu wa miaka mingi ukanipanda upya. Kama nawe uliwahi kulelewa na bibi, utanielewa.

Bibi mzaa baba ndiye aliyenilea, huku milimani Mbinga, tangu nilipoachishwa ziwa. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mibuni mpaka jua likomae. Tukienda kuchimba ngoro, yale mashimo ya shambani yanayozuia mvua isichukue udongo wa mteremko, pumzi zetu zilitoka kama moshi. Jioni bibi alitwanga karanga, akaunga mboga, nami nikalamba mwiko. Kitandani nililala upande wa ukuta wa jikoni, kwenye joto. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda na magari yao, mitumba ikajaa sokoni, vijana wakateremkia ziwani kutafuta biashara. Baba mdogo alikuwa ametangulia kuteremka huko zamani. Alifanya biashara ya dagaa Mbamba Bay, akaoa huko, kisha akavuka kwenda Malawi, na huko ndiko umauti ulikomkuta. Binti yake, wa rika langu, akaletwa kwa bibi na kikapu cha dagaa wakavu na sweta jembamba lisilofaa kitu kwa baridi yetu.

Bibi alimtazama anavyotetemeka. "Mjukuu wangu, njoo ulale hapa ukutani."

Ukutani! Nikasogezwa upande wa mlango.

Shuleni nako hali ikawa hiyo hiyo. Kabla hajaja, mimi ndiye niliyekuwa hodari wa Kiingereza darasa la saba. Yeye alikisomea ng'ambo ya ziwa, Malawi, tangu mdogo. Akifungua mdomo, darasa zima linageuka.

Siku moja mwalimu wetu wa Kiingereza, mzee mpole mwenye chaki kila mfuko, aliandika ubaoni join, connect, attach, akatutaka tutunge sentensi. Nikawahi: "The river joins the lake," kwamba mto unaungana na ziwa. Akasema vizuri. Kisha binti wa ziwani akasimama, akasema polepole, "I am attached to my grandmother."

Nikacheka kwa sauti. Mimi nilijua attach ni kubandika, kama stempu kwenye bahasha. "Mwalimu, amekosea! Mtu habandikwi kwa bibi yake. Aseme I joined my grandmother. Si amekuja juzi tu?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Hiyo yako nayo ni sentensi, lakini inasema jambo jingine. Anaye-join amekuja akajiunga, kesho anaweza kuondoka. Aliye attached, moyo wake umeshikamana na mtu. Ukimtoa, panachanika." Akamgeukia mwenzangu. "Kaa, mwanangu. Umechagua vema."

Mwanangu! Mimi hakuwahi kuniita hivyo. Lakini kilichoniunguza zaidi ni kwamba neno lile lilikuwa haki yangu. Mimi ndiye niliyeshikamana na bibi miaka yote hiyo, bila kujua kuna neno la kusema hivyo. Yeye kaja na sweta lake, kalichukua mbele ya watu.

Jioni nikamshtakia bibi. "Bibi, huyu kasema shuleni kwamba kabandikwa kwako."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema mto unaungana na ziwa."

Bibi akaendelea kutwanga. "Basi mwenzio kanikumbuka mimi. Wewe umeukumbuka mto." Akageuza mboga, akampa yeye mwiko.

Tulipomaliza darasa la saba, mama yake mkubwa aliyeishi Malawi alituma ujumbe avushwe akaendelee na shule huko. Niliimba nikiteka maji! Tukateremka na lori, sisi wawili na bibi, mpaka Mbamba Bay. Boti ilipokuwa tayari, binti alishika kanga ya bibi, asiiachie.

"Nenda, mama," bibi alisema. "Nenda ukasome."

Boti ikaondoka. Bibi yangu, ambaye hakutoa chozi hata siku ya kumzika babu, akakaa mchangani akalia kwa sauti, mpaka wanawake waliokuwa wakianua dagaa wakaja kumshika. Nilisimama pembeni nikiwaza: mimi sitaliliwa hivi kamwe, kwa sababu mimi siendi popote.

Sikwenda. Sasa nyumba ile haipo, mibuni iling'olewa ndugu walipogawana shamba, na karanga siku hizi tunapeleka mashineni. Miaka ya mwisho macho ya bibi yalizima kabisa, mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha. Nikimgusa bega, alinyanyua uso akaniita kwa jina la mwenzangu. Mwanzoni nilimsahihisha: "Ni mimi, bibi." Uso ukamshuka. Baadaye nikaacha. Akiita, naitika.

"Abee, bibi."

"Umerudi?"

"Nimerudi."

Alikuwa akicheka kama mtoto, akinipapasa mashavu kwa mikono yote miwili. Kwa jina langu, hakuwahi kunipapasa hivyo.